Bunduki ya Kumkabili Nyati

Ndani ya behewa la treni, muuguzi alikuwa ameshika gazeti lakini alikuwa akisikiliza tu. Mbele yake, kinyozi aliyepata kibali chake cha kwanza cha kuwinda nyati alimwonyesha mama aliyeketi kando yake picha ya bunduki. Mama huyo alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu.

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote, mama."

"Umewahi kuipiga?"

"Bado."

"Itakupiga teke la begani, mwanangu, uje kunyoa watu kwa mkono wa kushoto."

Muuguzi akacheka nyuma ya gazeti.

"Lakini ndogo itamkasirisha nyati bure," kinyozi alijitetea.

"Kweli. Chukua ya wastani, usiyoiogopa. Ukiiogopa utafumba macho, umjeruhi, akimbilie kichakani. Sisi ndio tuliokuwa tukitumwa kuwafuata hao. Mwenzangu mmoja hakurudi."

Kinyozi aliitazama tena ile picha. "Shemeji zangu wote wana kubwa."

"Basi nyati akija, mweleze hivyo."

Treni ikasimama. Kinyozi alisema duka la silaha liko hapo nje tu. Mama akachukua mkoba wake. "Twende nikuone ukiinyanyua."

Muuguzi, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, aliwatazama dirishani wakienda huku wakibishana.