Mzee Marcelino Nyenza na Mtoto Aliyeachwa Ilula

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, majirani wa Mwanjelwa na ndugu mliosafiri kutoka Kilolo, historia hii imepitishwa na kikao cha familia cha jana jioni, kikao kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa Amos, mtoto wa mwisho wa marehemu, kuombwa atoke nje akapunge upepo, na sababu yake mtaisikia.

Mzee Marcelino Nyenza alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika kijiji ambacho leo kimo Wilaya ya Kilolo, ingawa mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa kabla ya wilaya. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, akaendelea na masomo hadi chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1973. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa bwana shamba na kupelekwa bonde la Usangu, ambako aliwafundisha wakulima kupanda mpunga kwa mistari, nao wakamfundisha kwamba mistari hupandwa siku mkaguzi anapokuja. Mwaka 1985 alihamishiwa Mbeya, akajenga Mwanjelwa, akastaafu mwaka 2012 akiwa na cheti cha utumishi bora ambamo jina lake lilikuwa limekosewa.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Helena, huko kwao Mahenge, mbele ya Ilula ukienda Ruaha Mbuyuni, na Mungu akawajalia Vitus mwaka 1981, Verediana mwaka 1984, na Amos mwaka 1996, wakati nguo za watoto zilikuwa zimeshagawiwa majirani. Marehemu alikuwa baba mwangalifu kupita kiasi, akiwashika wanawe mkono njiani mpaka wakalalamika kwamba vidole vinauma, jambo ambalo Vitus na Verediana wote wawili walilisimulia kwa kicheko hadi mwaka 2018.

Mwaka huo Amos alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, hapahapa Mbeya, akisoma saikolojia, na mwalimu wake alikuwa akitafiti namna kumbukumbu ya binadamu inavyokosea, yaani namna mtu mzima, mwenye akili timamu, anavyoweza kukumbuka kwa rangi na harufu jambo ambalo halikutokea kamwe. Kila mwanafunzi alitakiwa amtafute ndugu yake, amsomee visa vinne vya utotoni, vitatu vya kweli na kimoja cha kutunga, kisha amhoji mara tatu kuona kama kile cha kutunga kitaota mizizi. Amos alimchagua dada yake Verediana, mwalimu wa sekondari Iringa, kwa kuwa, kama alivyoandika, hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi, akatunga kwamba Krismasi ya mwaka 1989, familia ikienda Mahenge, basi lilisimama Ilula, baba akashuka na Verediana kununua nyanya, akapanda tena peke yake, na mtoto akabaki na muuza nyanya hadi jioni.

Mara ya kwanza Verediana alisema, "Hiyo mbona siikumbuki hata, mdogo wangu," mara ya pili akakumbuka gauni la njano na nyanya zilizopondeka miguuni, na mara ya tatu akakumbuka jambo ambalo Amos hakulitunga, kwamba baba alimwona kupitia dirishani, akageuza uso, na basi likaondoka. Verediana alilia mbele ya kinasa sauti, na Amos akapata A.

Utaratibu wa chuo ulidai mshiriki aelezwe ukweli ndani ya wiki moja, kwa barua yenye muhuri, lakini muhuri ulifungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa Dodoma kwenye semina ya maadili ya utafiti, kwa hiyo barua ilipotoka Verediana alikuwa ameshaacha kupokea simu za baba yake. Aliisoma, akaikunja, akamwambia Amos, "Baba amekutuma, eh? Mwambie nimeipata."

Tarehe 5 Oktoba 2019, siku Verediana alipoagwa kwenda kuolewa, baba yake mdogo ndiye aliyemkabidhi kwa wakwe, naye baba mzazi akaingia ukumbini kwa kadi ya mtu mmoja, akakaa karibu na mlango wa jikoni, na akapiga makofi kila mshereheshaji alipoomba. Mama Helena, aliyekuwa akimtetea mumewe, alianza naye kukumbuka kwamba siku ile alisema, "Baba Vitus, mshike mtoto huyo," akaiona hata mikono ya mumewe ikiwa imejaa nyanya, na alipofariki Agosti 2020 hakuwa na shaka yoyote.

Marehemu alikana miaka yote hiyo, kisha akaanza kusema labda, na labda ni kama mchwa, ukimwona mmoja jua boriti imeshaliwa. Julai 2021 aliita ukoo Kilolo, akachinja kondoo, akaleta ulanzi, pombe ya mianzi, akapiga magoti akiwa na miaka sitini na tisa, akaeleza mwenyewe jinsi alivyomwona mwanawe dirishani na kuona aibu kumsimamisha dereva. Verediana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyama nimeishukuru, baba zangu, msamaha bado haujaiva."

Mwaka 2022 marehemu alikwenda Ilula kumtafuta muuza nyanya ili amshukuru, na wakajitokeza wanawake wawili wanaomkumbuka mtoto yule vizuri kabisa, familia ikamkubali mmoja wao, Bibi Violet, kwa kuwa ndiye aliyelia, akapewa blanketi na vitenge, na tangu hapo ni ndugu yetu.

Katika kila hatua Amos alisimama na kusema kwamba kisa kile alikitunga yeye, kwa kalamu yake, akiwa chumbani kwake anakula mihogo, na kila mara aliulizwa ana miaka mingapi, akajibu, akaambiwa, "Sasa wewe mwaka 1989 ulikuwa hujazaliwa, utajuaje?" Hata jana, kaka yake Vitus, aliyekuwa mwenyekiti na ambaye sasa anakumbuka alinunuliwa soda ili asimuulizie dada yake, alisema hilohilo, na kikao kikaridhika.

Marehemu aliugua shinikizo la damu tangu mwaka 2015, na tarehe 3 Februari 2025 alipata kiharusi kilicholegeza upande wa kulia, hali ikazidi, akalazwa hapa Mbeya tarehe 2 Juni. Wodini Amos alimwinamia akamwambia, "Baba, hukumwacha, nakuapia, ni mimi." Marehemu akasema kwa ulimi mzito, "Nyamaza, mwanangu. Kama sikumwacha, basi dada yako amenichukia bure, na hilo sitaliweza. Niitie nimwombe radhi."

Verediana aliitwa, akafika kutoka Iringa Jumamosi tarehe 14 Juni, saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi nje ya wodi, mkoba magotini, akakataa kuingia. Amos alimbembeleza, "Dada, mzee anakuuliza, kila mlango ukilia anageuza shingo." Akajibu, "Asubiri. Mimi nilisubiri mpaka jioni, na yeye aonje. Jua likizama nitaingia, nitamsamehe, nimeshaamua." Muuguzi alitoka mara mbili kumwita, naye Verediana akamshukuru kwa adabu zote, akabaki palepale. Marehemu alifariki saa tisa alasiri, uso ukiwa upande wa mlango. Jua lilipokaribia kuzama Verediana aliingia kama alivyoahidi, akaufunua uso, akamsamehe, na wauguzi ni mashahidi.

Kikao kiliazimia kwamba tukio la Ilula lilitokea, na kwamba maelezo ya Amos yasomwe pia, kwa sababu marehemu, katika utumishi wake, hakupenda ripoti inayoficha maoni ya mjumbe aliyepinga. Verediana hakupinga maelezo hayo kusomwa, alisema tu kwamba anamhurumia mdogo wake, masomo yamemchanganya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia marehemu, majirani wa Mwanjelwa waliopika na kufunga turubai, wastaafu wenzake wa kilimo, jumuiya iliyokesha kwa nyimbo, na Bibi Violet aliyesafiri kutoka Ilula na kukaa na wafiwa. Marehemu ameacha watoto watatu na wajukuu watano. Pumzika kwa amani, Mzee Marcelino, nasi tuliobaki tunaahidi kukukumbuka.