Kidonge cha Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa hoi, macho yanamuwasha kwa kukodolea uzi kutwa, wala hakutaka kusikia ya watu. Lakini ndani ya basi huchagui. Kwenye kiti cha mbele yake, msusi mmoja alimeza kidonge cha kipandauso. Mlinzi aliyekaa naye, kichwa mkononi, akanyoosha kiganja. "Dada, nigawie na mimi. Kichwa kinanipasuka."

"Hii niliandikiwa mimi, kaka. Una presha?"

"Siku hizi nani hana?"

"Basi sikupi. Daktari alinihoji habari za moyo na presha kama polisi, ndipo akaandika. Dawa hii inabana mishipa ya damu."

"Kichwa ni kichwa, dada. Sema tu una uchoyo."

"Heri uniite mchoyo kuliko nije kwenye msiba wako."

Fundi akatoa simu haraka. Asubuhi mama mkwe alilalamikia kichwa, naye, kwa kutafuta sifa za mkwe mwema, akampa kidonge chake mwenyewe cha namna hiyohiyo. Na presha ya mama nyumba nzima waliijua.

Wale wawili walikuwa bado wanavutana basi liliposimama. Fundi alishuka kituo kisicho chake, simu sikioni.

"Mama, ile dawa ya asubuhi, umeshaimeza?"

"Wala, mwanangu. Kichwa kilipoa chenyewe, nikamwekea baba mkwe wako. Si unajua moyo wake unavyomsumbua? Ndiyo kwanza anameza."