Pipa la Mwalimu Kolley

"Jumamosi gololi yangu ya kura siitumbukizi kwenye pipa la Mwalimu Kolley," alisema mama muuza samaki, tukiwa kwenye kivuko cha Barra kwenda Banjul. Kwetu Gambia kura hupigwa kwa gololi, na kila mgombea ana pipa lake.

Mwanamume aliyekaa karibu naye, kashika kamba ya kondoo, akashtuka kama aliyekanyagwa. "Mama, huna shukrani! Tangu awe mbunge katuletea umeme. Na wewe si alikufundisha kusoma?"

"Alinifundisha. Akaninyang'anya na gololi zangu darasani, mfuko mzima. Nilipomaliza shule akanirudishia zote, kazifunga kwenye leso yake ya mfukoni."

Kondoo alikuwa anatafuna kitenge changu, lakini nilimwacha atafune nisije nikakosa neno.

"Uchaguzi uliopita nilimpa," mama akaendelea. "Gololi ikagonga kengele ndani ya pipa, nami nikanyooka wima kama vile anaingia darasani. Wasimamizi wakacheka."

"Sasa kakukosea nini?"

"Hajanikosea, mwanangu. Mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza. Nataka Mwalimu ashindwe, arudi shuleni."

"Na umeme je?"

Kivuko kikagonga gati. Mama akakunja leso kuukuu ya kiume, akaiweka kichwani, akajitwika beseni lake.