Lavonne Iron Cloud na Shemeji Aliyenyamaza

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapeleka wagonjwa wetu wa figo mjini kusafishwa damu na kuwarudisha nyumbani, Bi Lavonne Iron Cloud anakabidhi funguo za gari Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Tulimwomba picha ya kuweka kwenye programu hii ya kumuaga. Akatuambia tuweke ya gari, maana limezeeka vizuri kuliko yeye.

Alianza kazi akiwa mjane mpya, na leseni ya kuendesha basi la shule mkononi. Hajawahi kumwacha mgonjwa kwa sababu ya matope, na barabara zetu mnazijua. Hupiga honi mara moja tu. Usipotoka, anaingia mwenyewe mpaka jikoni kukutafutia viatu.

Hotuba za uvumilivu hazipendi. Shuleni kwetu wameandika ukutani kwa rangi nyekundu neno la lugha yetu *wowacintanka*, uvumilivu, ile nia kubwa ambayo bibi zetu waliishi nayo katika baridi, njaa na misiba. Lavonne akilipita husema neno ni zuri, ila ukuta haujawahi kukwama kwenye theluji. Yeye amewahi, na mimi ninayeshika redio ya ofisi nilikuwepo kwa masikio.

Ilikuwa Machi. Sylvan Iron Cloud, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekosa matibabu mara mbili na miguu imevimba. Asubuhi ile alimwambia Lavonne kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Amechoka na mashine, amechoka na kiu ya kupimiwa maji, asipigiwe honi tena. Lavonne akamjibu apande kwanza, wataagana wakirudi. Wakatoka wawili tu, kwani wagonjwa wengine walikuwa wameyaona mawingu wakalala mjini tangu jana yake.

Dhoruba iliwakuta kilimani, upande huu wa mto. Pote kukawa kweupe, barabara haionekani wala mbingu. Gari likateleza likaishia mtaroni. Dereva wa katapila la kuondoa theluji aliniambia atafika akiweza, na sauti yake haikunipa moyo hata kidogo.

Lavonne aliacha redio wazi ili nisikie. Kila baada ya muda alitoka kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, hewa chafu isije ikawamaliza humo ndani. Akirudi, anaanza utani.

Kwetu shemeji hutaniwa bila huruma, na lazima ajibu. Akinyamaza, watu huweka vijiko chini wakamtazama. Lavonne alimwambia mkate wake wa kukaanga unafaa kuziba pancha. Kimya. Akamkumbusha siku farasi alipomtupa mbele ya wakwe zake. Kimya. Akamwambia akifia humo, atamchomeka mlangoni azuie upepo. Sikusikia kitu ila huo upepo. Nilijua, kama Lavonne alivyojua, kwamba Sylvan ameanza kutuacha.

Hapo sauti yake ikashuka.

"Shemeji, sikuombi uishi mwaka," alisema. "Wala sikuombi uipende mashine. Naenda kusafisha bomba. Nikirudi nikukute na jibu, basi."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Alikawia. Niliita jina lake kwenye redio, nikaita la Sylvan, hakuna aliyeitika. Nililia pale mezani, na sioni haya kulisema. Kisha mlango ukafunguka, nikamsikia Lavonne akihema, na nyuma yake sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa kutoka mbali.

"Shemeji, wewe hata mtaroni hujui kuegesha."

Lavonne alicheka mpaka akapaliwa. Walitukanana hadi katapila likafika, na jioni ile ile Sylvan akawa kwenye mashine. Siku ya zamu iliyofuata honi ililia mara moja. Sylvan akatoka na viatu miguuni, tusi lake tayari.

Ijumaa msilete zawadi. Mnajua desturi, anayeheshimiwa ndiye anayegawa. Lavonne ameshona mablanketi yenye nyota ya viraka majira yote ya baridi, na kila abiria wake ana lake. Sisi wa ofisini tulitaka angalau kumnunulia kiti cha barazani. Alikikataa, akaomba kiti kingine, kile cha mbele garini, siku za zamu ya Sylvan. Dereva mpya ni mtu mwema, anasema, lakini hana ushemeji na Sylvan. Nani atamtukana?

Lavonne, asante kwa kila honi. Tunakuombea asubuhi za kuchelewa kuamka, kahawa isiyomwagika na barabara kavu mbele yako, maana tumeshaona kwamba kukaa nyumbani hukutaki.

Sylvan ameomba tuchapishe neno lake hapa mwisho. Anasema hujastaafu wewe, ni gari lililokukataa. Anasubiri jibu.