Maziwa Yaliyomkataa Mwanangu

Wamama wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi hapa Boito mmesikia habari yangu kwa midomo ya watu, na ikawafikia imeongezwa chumvi. Leo isikieni kwangu mwenyewe. Jina la mtu sitataja.

Mtoto wangu wa kwanza alinyonya vizuri. Shida ilianza nilipomwachisha nikampa maziwa ya ng'ombe, maana kwetu mtoto anapewa nini kingine? Alitoka vipele mwili mzima, akajikuna mpaka damu, usiku kifua kinalia. Daktari alimpima akasema mwili wake haupatani na maziwa, yaachwe kabisa.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo niliona dunia. Mama mkwe alicheka. "Mtoto wa Kipsigis akatae maziwa? Hiyo damu ameitoa wapi?" Ikawa mimi ndiye nimeleta ugonjwa, hata wazazi wangu wakatajwa.

Niliacha kumpa maziwa, lakini vipele havikuisha. Mama mkwe akazunguka sokoni na hiyo habari: maziwa yameachwa na mtoto bado anajikuna, basi ni laana. Mzee wangu, baba wa mtoto, akawa hanisemeshi. Nilikonda, wamama. Nikafunga nguo zangu nirudi kwetu.

Aliyenishika mkono ni jirani, mama Mkisii niliyekuwa nikichuma naye chai. Jioni moja alinikuta jikoni nikimimina maziwa kwa sufuria ya mboga.

"Hiyo mboga ni ya nani?" akauliza.

"Ni yetu sote."

"Na mtoto pia?"

Nikaweka kikombe chini. Niambieni, ni nani hapa anapika mboga bila maziwa? Sisi tukisema maziwa tunamaanisha ya kunywa. Yale ya sufuriani tunayaita mboga tu.

Kuanzia hapo mboga ya mtoto nilikaanga kwa mafuta na nyanya. Nikampa uji wa wimbi uliopikwa kwa maji, maharagwe, mayai, na omena, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao yule jirani alinifundisha kupika. Ngozi ikatulia. Mtoto akaanza kulala.

Natamani yangeishia hapo. Tukawa na sherehe nyumbani. Nikiwa jikoni, mama mkwe alimwita mtoto akamnywesha mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, mbele ya wageni, ili waone mimi ni mwongo. Alimeza kidogo tu. Midomo ikavimba, macho yakafunga, pumzi ikawa ya kutafuta. Mzee wangu alimbeba akakimbia naye barabarani, na lori la majani chai likatufikisha hospitali. Alidungwa sindano, ndipo akapumua.

Sasa yuko shule, anacheza mpira. Mama mkwe hajawahi kuniambia pole. Alisema tu kibuyu hakikuoshwa vizuri. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado umekataa, na sitawadanganya hapa mbele ya Mungu.

Namshukuru Mungu, daktari, dereva wa lile lori, na jirani yangu. Namshukuru mzee wangu, ambaye tangu siku ile anakula mboga isiyo na maziwa pamoja na mwanawe.

Nawaomba kitu kimoja. Mama akisema chakula fulani kinamuumiza mtoto wake, na nyinyi mnaona anadanganya, gombaneni na huyo mama. Mtukaneni mkitaka. Lakini msiupime uongo wake kwa mwili wa mtoto.