Zamu ya Mlango ya Thodoris Mourtzis

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, babu yetu Thodoris Mourtzis alitoka kitandani pekupeku, viatu mkononi, akafungua mlango wa mbele hadi mwisho na kuuzuia kwa jiwe. Viatu alivivaa akishafika nje. Iwe mvua, iwe baridi ya Januari, mlango ule ulikaa wazi mpaka wakati wa kulala, na bibi alipika akiwa amevaa koti.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Mei 1914 katika kijiji cha Perdika, hapa kisiwani Aegina, mtoto wa tatu wa Lambros Mourtzis, mpiga mbizi wa kutafuta sponji za baharini, na mama Kalliopi. Alisoma miaka minne tu. Alipofika miaka kumi na miwili alipelekwa mjini kwa mjomba wake kujifunza kuoka mikate, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya maisha yake yote, nchi kavu na chini ya bahari.

Mwaka 1935 aliingia jeshi la majini akawa mpishi wa nyambizi. Kabla ya vita, mama na wake za mabaharia walileta vibati vya nadhiri, vile vya fedha vyembamba kama karatasi, ambavyo hutundikwa kwa mtakatifu ili akilinde kilichochorwa, kimoja kina jicho, kingine mguu, kingine meli. Babu mwenyewe ndiye aliyevitundika mle ndani ya nyambizi, chini ya picha ya Mtakatifu Nikola, ishirini na saba kwa jumla. Kimoja, chenye sura ya Mtakatifu mwenyewe, kilitoka kwa mama Kalliopi.

Mchana wa tarehe 11 Desemba 1940, katika bahari ya Adriatiki, manowari mbili za Waitaliano ziliwagundua. Wakazama mpaka karibu na sakafu ya bahari, wakazima mashine, wakavua viatu. Mabomu yakaanza kushuka. Kila moja lilipolipuka nyambizi ilitikisika yote, kisha kimya kikarudi, na ndani ya kimya kile vibati vikawa vinagongana, tin, tin, tin. Manowari zilikuwa na vyombo vya kusikiliza. Zilienda mbali kidogo, zikageuka, zikarudi palepale juu yao.

Yaliyofuata tumeyapata kwa mzee Sarantis Vlamis, aliyekuwa fundi wa mashine wa nyambizi hiyo na leo amekaa hapa kanisani mstari wa mbele.

Nahodha alimsogelea babu akamnong'oneza, "Thodoris, hao watakatifu wako wanapiga soga na Waitaliano. Wanyamazishe."

"Mkuu, Mtakatifu Nikola siwezi kumshusha mimi. Mama akisikia ataniua kabla ya hao walioko juu."

"Sarantis, mshushe wewe."

"Mimi? Huo mguu pale kaleta mke wangu. Unataka nirudi nyumbani nikiwa kiwete?"

Babu akafanya ishara ya msalaba, akavishusha kimoja kimoja kwa vidole viwili. Pa kuviweka hapakuwepo. Blanketi na nguo zote zilikuwa zimesokomezwa kwenye mianya iliyovuja. Mfukoni vingelia vilevile. Basi akavisukuma ndani ya unga aliokuwa ameukanda kwa ajili ya mikate ya jioni, akakaa chini na karai mapajani, akalikumbatia.

Walikaa hivyo saa thelathini na moja. Hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kukohoa wala kusema. Hewa ikawa nzito, kiberiti kikakataa kuwaka, jasho likawa linadondoka kutoka kwenye dari. Mzee Sarantis anasema kitu pekee kilichokuwa kikitembea mle ndani ni ule unga. Uliumuka ukapita ukingo wa karai, babu akaubonyeza, ukaumuka tena, na wanaume wote wakawa wanautazama tu, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Juu yao mashine za manowari zilipita, zikaenda, zikapita tena.

Zilipoondoka, nyambizi ikapanda, mfuniko wa juu ukafunguliwa, na babu akaoka. Kila mtu alipata kipande chenye bati. Mzee Sarantis alivunjika jino kwa jicho la mtu mwingine. Nahodha akatangaza kwamba atakayempata Mtakatifu Nikola ndiye mwenye zamu ya kufungua mfuniko mpaka vita viishe, na hata yeye nahodha hatamzuia. Aliyempata ni babu.

"Mwizi!" wakamzomea. "Mkate kakata mwenyewe!"

"Basi siku nyingine kateni nyinyi," akawajibu. Ndivyo mpishi alivyokuwa mtu wa mfuniko.

Alimwoa Marigo Gianouli tarehe 21 Septemba 1946 katika kanisa la Perdika, wakajaliwa Vasso, ambaye ni mama yangu, na Lambros. Mwaka 1949 alifungua duka lake la mikate nyuma ya soko la samaki. Lilikuwa na tanuri, meza na dirisha. Mlango aliung'oa siku ya kwanza akaufanya rafu. Na kila mwaka mpya, ndani ya keki ya Mtakatifu Vasili ambamo watu huweka sarafu, yeye aliweka kile kibati cha Mtakatifu Nikola. Aliyekipata alikuwa na zamu ya mlango wetu mwaka mzima, yaani babu aliufungua kwa ruhusa yake, na hata bibi hakuweza kumnyang'anya. Mwaka huu nilikipata mimi.

Kuanzia Februari akili ilianza kumpotea. Meli ya kutoka Piraeus ilipoingia gatini, alisimamisha kijiko hewani na kunong'ona, "Kimya. Inapita juu yetu." Tulinyamaza wote, hata wageni, mpaka ipite. Agosti alitumbukia gatini na wavuvi wakamwopoa. Mama akanunua kufuli. Daktari alisema moyo wake umechoka, asitoke.

"Baba, tunakufungia kwa sababu tunakupenda," mama alimwambia.

"Hata nahodha alitupenda sana, mwanangu."

Kwa wiki saba alikaa kwenye kiti akiuelekea mlango, viatu mapajani. Hakugombana na mtu. Alivikumbatia tu, na mwili ukawa unapungua.

Ameacha mjane, Marigo, watoto wawili, Vasso na Lambros aliyeko Melbourne, wajukuu wanne, dada yake Eftihia, na rafiki yake Sarantis. Tarehe 9 Oktoba 1984, saa nne asubuhi, alikutwa amekaa kwenye ngazi za kanisa dogo la Mtakatifu Nikola pale gatini, uso baharini, tayari ameondoka. Alikuwa na miaka sabini. Tumemwomba padri sanduku lifunikwe mwisho kabisa.

Limebaki neno moja. Nilimpa mama karatasi hii aisome kabla haijachapwa. Hakufuta kitu.

Asubuhi ile mama alikuwa dukani na bibi alikuwa anaanika nguo. Ufunguo ulikuwa kwenye mtungi wa sukari. Babu aliniangalia kwa macho yake ya zamani.

"Argyro, mwaka huu zamu ya mlango ni ya nani?"

"Yangu, babu."

"Kwa hiyo tunangoja nini?"

Nilijua moyo wake ulivyo. Nilijua pia kwamba meli ya Piraeus ilikuwa imeshatoka, na nje kulikuwa kimya. Nikafungua hadi mwisho, nikaweka jiwe. Akapita pekupeku, viatu mkononi, akakaa kizingitini akavivaa taratibu, akafunga kamba zote mbili. Kisha akashuka mtaa kuelekea gatini, hakugeuka nyuma, na mimi sikumwita.

Mungu amlaze penye hewa, babu yetu. Jiwe liko palepale mlangoni.