Mama Casimira na Sikio Lake la Bati

Casimira Callisaya, mjane wa Laruta
4 Machi 1940 – 22 Januari 2019

Ndugu, jamaa, waumini wenzetu na majirani wa Villa Dolores: mimi ni Elías, mtoto wa pili wa huyu tunayemzika leo. Nimepewa mimi kusoma kwa sababu kaka yangu Wilfredo machozi yake yako karibu. Mama alitukataza kumpamba. Alisema, "Mkinisifia mno, Mungu atadhani mnamzika mtu mwingine." Basi nitasema yaliyokuwa.

Mama Casimira alizaliwa tarehe 4 Machi 1940 katika jamii ya Jankuyu, upande wa Huarina, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Gumercindo Callisaya na Mama Tomasa Yujra. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Kasimiri, akapewa jina hilo bila mjadala. Alipokuwa na miaka saba familia iliokoka na kuingia kanisa la kiinjili. Babu aliona uchungu kuacha pombe, lakini aliiacha.

Alisoma miaka mitatu tu, 1948 hadi 1950, katika shule ya kanisa iliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nyumbani walisema Kiaymara, mwalimu alitaka Kihispania, na aliyekosea alichapwa kwa rula. Mama akaamua kunyamaza. Alikaa mwaka mzima akisikiliza tu, hadi mwalimu akamwandikia babu kwamba binti yake ni bubu. Siku alipofungua mdomo alisoma sura nzima ya Maandiko bila kukwama. Mwalimu akamwuliza siku zote hizo alikuwa wapi. "Nilikuwa bado nasikiliza," akajibu. Sura yenyewe ilikuwa ile ya mfalme kijana aliyeambiwa na Mungu aombe lolote, naye akaacha mali na maisha marefu, akaomba moyo unaosikia. Hakuisahau mpaka anakufa.

Mwaka 1957 alikuja El Alto na shangazi yake kuuza chuño, viazi vyetu vya kukausha kwa baridi. Meza yao ilikaa mkabala na karakana ya baba yetu, Nicanor Laruta, fundi wa bati, aliyetengeneza malori madogo na nyumba ndogo za sikukuu ya Alasitas. Mnajua wenyewe: tarehe 24 Januari, saa sita kamili mchana, mji mzima hununua kwa udogo kile unachokitaka kwa ukubwa. Anayetaka nyumba hununua kijumba, anayetaka safari hununua kisanduku. Mwaka 1962, siku chache kabla ya sikukuu, Nicanor alijikaza akavuka njia.

"Nikutengenezee nini, binti Callisaya? Nyumba? Lori?"

"Nataka hekima."

"Hekima?"

"Ndiyo. Bati litatosha?"

Baba alihangaika siku tatu. Mwisho akaenda kwa Mchungaji Hilarión Tancara kuuliza umbo la hekima, na mchungaji akamsomea ile sura ya mfalme. Moyo unaosikia ulimshinda. Akatengeneza sikio, kutoka kopo la sardini, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kusema kweli halikufanana na sikio. Soko zima lilidhani ni haragwe. Primitiva Poma, muuza supu na shoga yake wa miaka yote, alimcheka hadi akashika mbavu: "We Casimira! Wenzako wanaomba malori, wewe unaomba maharagwe?"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Mei 1962. Mama alilibandika lile sikio kwa pini ndani ya shali yake. Mchungaji alimwonya lisije likageuka sanamu. "Silisujudii, Mchungaji," akasema. "Linanichoma tu kifuani nikianza kusema sana." Mungu aliwapa watoto watatu: Wilfredo, mimi, na Eusebia.

Kanisani kwetu kila Alhamisi mtu husimama na kutaja haja yake. Wengine waliomba paa, kazi, viza, ng'ombe apone. Mama alisimama kwa miaka zaidi ya hamsini na kusema maneno yale yale matatu: "Bwana, nipe hekima." Kisha akaketi. Primitiva hakumwacha hata wiki moja. "Hekima inapikwa na nini, shoga? Maana chungu chako nakiona kitupu." Mama alimjibu, "Ngoja kwanza niipate, nitakualika." Sisi watoto hatukucheka. Paa letu lilivuja, na mimi nilikasirika kwamba mama yangu amesimama mbele za Mungu na hakulitaja.

Baba alifariki tarehe 11 Juni 1987. Wilfredo alikuwa amerudi kutoka mgodini baada ya wachimbaji kuachishwa kazi, ana mke na mtoto. Mimi nilikuwa karakanani tangu nina miaka kumi na miwili. Karakana ilitosha mtu mmoja, na mkasi wa bati ulikuwa mmoja. Tulianza kwa maneno, tukafika kwenye ngumi. Wilfredo alinitamkia mbele ya mke wake kwamba mimi si ndugu yake tena, nami nikamwambia vizuri sana. Alhamisi iliyofuata akasimama kanisani: "Naomba Mungu anipe karakana ya baba." Kabla hajaketi nikasimama: "Na mimi naomba hiyo hiyo." Watu wakaangua kicheko. Primitiva akasema kwa sauti, "Leo Mungu kazi anayo!" Mama akasimama nyuma yetu, akaomba yake.

Kesho yake, tulipomaliza kunywa api, uji wetu wa mahindi wa asubuhi, alifunga karakana, akaweka ufunguo juu ya kigoda, akaukalia.

"Wilfredo, nieleze shida ya Elías. Elías, utaeleza ya Wilfredo. Mwenyewe akisema siyo, unarudia."

"Mama, mimi nina shida yangu!"

"Yako ataisema mdogo wako."

"Huyu? Huyu hanijui hata kidogo."

"Basi leo atakujua."

Kaka aliyapata yangu mara ya pili: kwamba karakana ile ndiyo shule pekee niliyowahi kufaulu, na kwamba mimi ndiye niliyemshika baba mkono mara ya mwisho. Mimi nilisema Wilfredo ana tamaa. "Siyo," akasema. Nikasema anaogopa kutafuta kazi nyingine. "Siyo." Nikasema na mengine ambayo leo naona aibu kuyasoma. Mama hakunigombeza wala kunisaidia. Jua lilikuwa limeshainama nilipomtazama kaka yangu vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi, nikasema: "Mimi Wilfredo nilirudi mikono mitupu, na kila nikila mkate wa mdogo wangu unanikwama kooni." Kaka akajifunika uso kwa kofia, akalia. Nami nikalia. Mama aliinuka, akauacha ufunguo juu ya kigoda, akaenda kumenya viazi. Tangu siku hiyo karakana ina mikasi miwili. Wilfredo anakata vichwa vya malori, mimi magurudumu.

Habari ikatembea. Walikuja wake na waume, wenye meza za sokoni, hata wazee wawili wa kanisa waliogombea kipaza sauti. Wote walikalishwa vile vile. Kuanzia 1996 hadi 2004 chama cha mafundi wa Alasitas kilimpa kazi ya kupatanisha wanachama wake, na katika miaka hiyo hakuna kesi yao iliyofika mahakamani. Mwaka 1999 alikuja Primitiva mwenyewe na mkwewe, wanawake wawili wasiosalimiana. Ilichukua siku tatu. Alipotoka alimwambia mama mlangoni, "Kumbe inapikika!"

Kuanzia 2013 masikio yake yalianza kufa. Mungu ana utani wake. Alipewa kifaa, kikapiga miluzi, akakitia kabatini. Watu waliendelea kuja naye akawaambia, "Semeni tu. Anayetakiwa kusikia ni mwenzako, siyo mimi." Novemba iliyopita moyo ulichoka, miguu ikavimba, akalazwa siku tisa kisha akadai arudi nyumbani. Alhamisi tarehe 17 Januari alikuja kanisani kwa mara ya mwisho, akasimama ameshikwa huku na huku, akaomba maneno yake matatu. Primitiva akamfokea sikioni, "Bado tu hujapewa, shoga?" Mama akajibu, kanisa zima likasikia: "Nilipewa! Lakini inaisha kila Jumatano."

Alifariki Jumanne tarehe 22 Januari 2019, saa moja asubuhi, Eusebia akimnywesha api. Alikuwa na miaka sabini na minane.

Hakuacha wosia wa nyumba. Najua mmelisikia hilo, kwa sababu watatu kati yenu mmeshaniuliza, na mnataka kuona wana wa Laruta watafanya nini. Jana mchana Wilfredo, Eusebia na mimi tuliketi jikoni, hakuna aliyetuita. Kila mmoja akasema shida ya mwenzake. Hakuna aliyesema "siyo" hata mara moja. Nyumba anakaa Eusebia, aliyemuuguza. Tulimaliza mazungumzo, supu jikoni ikiwa bado haijachemka. Mliokuwa mnasubiri ugomvi, mtuwie radhi.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu wanane, vitukuu watatu, dada yake mdogo Benita huko Jankuyu, na Primitiva Poma, ambaye leo asubuhi aliomba awe wa kwanza kusimama kutaja haja yake.

Leo ni Alhamisi, tena ni tarehe 24. Saa sita kamili mji mzima utainua vijumba na malori, na sisi tutakuwa makaburini. Ndani ya karatasi ya ratiba uliyopewa kuna kitu kidogo cha bati. Wilfredo na mimi tumevikata jana na juzi, vyote mia mbili. Siyo haragwe. Kengele ya saa sita ikilia, kishike, mgeukie aliye kando yako, hasa kama hamsemezani, na uombe yale maneno matatu.

Na wewe Mama, pumzika kwa Bwana uliyemwomba kitu kimoja maisha yako yote. Alikupa. Tumekiona.